Ukuta na Mlango

Kila auzuruye mji wa Dubrovnik, katika pwani ya Kroatia, huutazama kwanza ukuta wake. Umeuzunguka mji wa kale kwa mwendo wa karibu kilomita 2, na mahali pengine kimo chake hufika meta 25. Sisi nasi tuliuzunguka kwa miguu, tukajiuliza: je, ni haki watu kujifungia ili wawe salama?

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mwaka 1377, tauni ilipokuwa ikiisumbua Ulaya, mgeni aliweza kuleta mauti. Wakuu wa mji hawakuyafunga malango kabisa, maana mji uliishi kwa biashara ya baharini. Wala hawakuyaacha wazi tu. Waliamuru kwamba atokaye penye tauni akae kwanza mwezi mmoja nje ya mji, ndipo aingie.

Hapo twaona tofauti kubwa. Kumwambia mtu "Ngoja" si sawa na kumwambia "Nenda zako." Anayengojeshwa bado ni mgeni wetu, nasi tuna deni kwake la maji, chakula na kivuli. Tukimsahau huko nje, kungoja kwake kumegeuka kufukuzwa.

Ukuta ule haukuuokoa mji na tetemeko la mwaka 1667, wala na mizinga ya mwaka 1991. Basi usalama hauko katika mawe pekee. Na tuzilinde nyumba zetu, ndugu, lakini tumjue kwa jina yule anayengoja mlangoni.