Jicho la Angani na Amana ya Mwenye Kuona

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani wako watu ambao, kila isikiwapo khabari ya kimbunga baharini au mvua kubwa ijayo, husema kuwa hayo ni mambo ya ghaibu, na ghaibu hapana aijuaye illa Mwenyezi Mungu. Wengine huongeza kuwa lililoandikwa litakuwa, basi kuna haja gani ya kuvuta vyombo pwani na kuhamisha watoto? Maneno haya yana sura ya dini, lakini ndani yake mna khatari, nasi yatupasa tuyapime.

Kwanza na tujue ni kitu gani kinachotazamwa. Setilaiti ni chombo kilichorushwa juu kikawa chaizunguka ardhi. TIROS-1, iliyofaulu mwanzo kuleta picha za mawingu, Marekani iliirusha tarehe 1 Aprili 1960. Leo ziko nyingine juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini. Hizo huenda sambamba na mzunguko wa ardhi, hata zikawa kama zilizosimama mahali pamoja, zikiitazama bahari usiku na mchana. Basi kimbunga kilichozaliwa katikati ya Bahari ya Hindi si ghaibu tena. Kimekwisha kuwapo, chaonekana na kupimwa. Baharia apandapo mlingotini akamwambia nahodha kuwa mbele kuna mwamba, hapana amshutumuye kuwa amedai kujua ghaibu. Adaiye ghaibu ni mpiga ramli. Na ajabu ni kuwa baadhi ya wanaoikataa khabari ya setilaiti ndio hao hao waendao kumwuliza mpiga bao siku njema ya kusafiri!

Ama kadari, jawabu lake tunalo katika sera ya Sayyidna Umar bin al-Khattab. Alikuwa akielekea Sham na watu wake, na alipofika Sargh akapashwa khabari kuwa huko kumeingia tauni. Akashauriana na Maswahaba, kisha akakata shauri kurudi. Abu Ubayda bin al-Jarrah akamwuliza kama anaikimbia kadari, naye akamfahamisha kuwa kuiepuka balaa nako ni katika kadari. Kisha Abdur-Rahman bin Auf akaleta Hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoafikiana na uamuzi ule. Angalieni: Umar hakuiona tauni kwa macho yake. Aliletewa khabari na wenye kujua, akaipokea, akawarudisha watu salama.

Hili ni upande wa mwenye kuonywa. Liko swali zito zaidi, nalo ni la mwenye kuona: je, akishaona ametimiza wajibu wake?

Usiku wa 12 Novemba 1970 kimbunga kilipiga nchi iliyokuwa Pakistani ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Bahari ikapanda juu ya visiwa na mashamba ya Ghuba ya Bengal, na wakafa watu wasiopungua 300,000, wengi wao Waislamu, wavuvi na wakulima masikini. Kimbunga hicho kilikuwa kimekwisha kuonekana kwa setilaiti, na redio ilikuwa imetangaza. Lakini tangazo halikuwafahamisha watu ukubwa wa maji yajayo, wala hapakuwa na mahali pa kutosha pa kukimbilia. Jicho liliona, na watu wakafa.

Mwezi mmoja baadaye, 12 Disemba 1970, siku ya sherehe ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ikaitwa Uhuru, na kazi yake ilikuwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota za mbali. Hiyo ni ilimu tukufu, wala hatuilaumu. Wazee wetu nao walizitazama nyota wakajua kibla na njia za bahari. Lakini mwenye akili atazingatia: binadamu aliweza kupokea khabari ya nyota, na hakuweza kumfikishia mvuvi wa Bengal neno moja la kumwokoa. Mwendo wa mwisho, baina ya ajuaye na mlango wa jirani yake, ndio ulioshinda.

Watu wa Bangladesh walilifahamu somo hilo. Tangu mwaka 1972 walianza kupanga watu wa kujitolea, waendao kijiji kwa kijiji na bendera na vipaza sauti, na baadaye majengo ya kukimbilia yakaongezwa. Haikuwa kazi ya siku moja: mwaka 1991 kimbunga kingine kiliua kiasi cha watu 138,000. Lakini mwaka 2020, Kimbunga Amphan kilipowajia, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa mapema, na waliokufa nchini humo hawakufika mia. Vimbunga havilingani nguvu, ni kweli. Lakini hapana shaka kuwa onyo lililofika limeokoa roho nyingi.

Wako watakaosema kuwa vyombo hivi ni vya wapelelezi. Ni kweli kuwa dola kubwa zilivitumia kwa vita tangu mwanzo. Mwaka 1960 Marekani ilikuwa ikipiga picha za ardhi ya Warusi kutoka angani. Mkataba wa mwaka 1967 ulikataza kuweka silaha za nyuklia katika mzunguko wa ardhi, lakini haukuyafumba macho ya wapelelezi. Na dini yetu imekataza kuchunguzana siri. Kisu ni kimoja, mkono ndio mbalimbali. Mizani yetu iwe ile ya Sharia: kuhifadhi nafsi ni katika makusudio yake makubwa. Amani isemwayo ya dola, ikiwa yaangamiza nafsi zisizo na hatia, si amani.

Nasi pwani tusijidhani tuko mbali. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Setilaiti zipimazo bahari zimeonyesha kuwa tangu mwaka 1993 maji yamepanda, kwa wastani wa dunia, kiasi cha sentimita 10. Jicho hilo hilo laonyesha mahali mikoko inapokatwa, na mikoko ndiyo ngome ya pwani dhidi ya mawimbi. Aikataye ovyo hawezi kusema hakuonekana. Nasi tuonao tukanyamaza hatuwezi kusema hatukujua.

Basi ilimu hii ni fardhi kifaya. Wasipokuwako miongoni mwetu wa kuisoma, dhambi ni yetu sote. Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, kutoka California. Tuwatie vijana wetu hima wasome hisabati na ilimu ya anga. Na vipaza sauti vya misikiti yetu, vinavyotangaza maziko, vitangaze na onyo la tufani, kwa Kiswahili afahamucho mvuvi, kabla ya maziko hayajawa mengi. Aonaye khatari ameshika amana ya mwenziwe, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe ilhali yu hai.

Wabillahi taufiq.