Baraka Yenye Jina la Mtu Mwingine

Nyuma ya kitambulisho cha kizazi cha pili cha Kenya kuna maandishi madogo ambayo mwenyewe huwa hayasomi: wilaya, tarafa, kata, kata ndogo. Anayeyasoma ni mtu mwingine kabisa, yule aliyekiokota. Kikidondoka kwenye matatu ya Kisii kwenda Keroka, makanga akikigeuza tu anajua ni cha mtu wa wapi, na kwamba huko kuna chifu anayeijua familia yake. Vingi hurudi kwa njia isiyo na ofisi. Makanga humwachia mwuza ndizi wa steji, naye humpa kijana wa boda boda anayekwenda upande huo, na mwisho kinaingia mkononi mwa naibu wa chifu.

Kukipata ni nafuu kubwa. Asiye na kitambulisho hatoi pesa kwa wakala wa M-Pesa na hapigi kura, na mwaka 2024 ada ya kuchukua kingine ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 1,000. Kabla ya hapo ana safari ya kituo cha polisi kutafuta namba ya OB, yaani ya daftari la matukio. Huko Keroka hata hilo lina utani wake, maana ni mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimeugombania kwa miaka: pochi ikianguka katikati ya soko, mtu anaweza kusimama akijiuliza aelekee wapi kuripoti. Ndiyo maana waokotaji wengine wamejifunza kuomba “ya soda” kabla hawajafungua mkono.

Lakini soda si tatizo kubwa. Kubwa ni sentensi ambayo husemwa kwa moyo safi kabisa: “Mungu amenionea huruma.” Gusii, yaani nchi ya Kisii na Nyamira, ni nchi ya makanisa. Waadventista walijenga Nyanchwa, Wakatoliki Nyabururu, na yote hayo yalianza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mama ambaye ameomba juma zima apate karo, kisha akaona bahasha ya noti kando ya barabara ya Ikonge, hajisikii mwizi. Anajisikia amejibiwa. Je, Mungu anaweza kumjibu mtu kwa mali ya mwingine?

Torati haimpi nafasi kubwa. Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inataja ng'ombe, kondoo, punda, nguo, na kila kitu kilichompotea ndugu, na inakataza kupita kama hujaona. Mwenyewe akiwa mbali au hajulikani, kitu kikae nyumbani kwa mwokotaji mpaka atakapokuja kukiulizia. Kutoka 23 inakwenda mbali zaidi na kumtaja ng'ombe wa adui. Mambo ya Walawi sura ya 6 ndiyo kali kuliko zote: aliyeokota akakana kwa kiapo atarudisha kitu chenyewe, aongeze sehemu ya tano, kisha ndipo apeleke sadaka yake. Mwenye mali anatangulia madhabahu. Wazee wa Gusii walikuwa na lao kuhusu mtu wa namna hiyo: kiapo, emuma, ambacho aliyekiapa kwa uongo aliogopa kingemfuata yeye na hata watoto wake.

Waislamu wa mtaa wa Nubia mjini Kisii wanaijua hukumu ya luqata, yaani mali iliyookotwa, inayotokana na hadithi aliyoisimulia Zayd bin Khalid al-Juhani. Mwokotaji akikague kifuko na uzi uliokifunga, kisha atangaze mwaka mzima. Kondoo aliyepotea anaweza kuchukuliwa, kwa kuwa mbwa mwitu yupo. Ngamia aachwe, ana miguu yake na maji yake tumboni. Uzi ndio wenye akili hapo: mwokotaji anautazama na kuukumbuka ili atakayejitokeza aulizwe ulikuwaje, na mwongo ashindwe kujibu.

Sheria ya Kenya nayo haiko mbali. Kifungu cha 268 cha Sheria ya Adhabu kinamwondolea kosa la wizi aliyetumia kitu alichookota ikiwa hakumjua mwenyewe na alikuwa na sababu za kutosha kuamini kwamba hawezi kupatikana. Miaka hamsini iliyopita utetezi huo ulikuwa mpana. Siku hizi umebaki mwembamba, na aliyeukondesha ni simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa za Wakenya hupotea kwa njia mpya, yaani kwa kukosea tarakimu moja. Anayezipokea Nyamira hupata ujumbe wenye jina la aliyezituma. Mtumaji hupeleka ujumbe wake kwa 456 akiomba zirudishwe, na wakati huohuo mpokeaji anaweza kuwa anakimbilia kwa wakala azitoe kwanza. Huyo hawezi kusema hakumjua mwenyewe. Baraka imemfikia ikiwa na jina la mtu mwingine juu yake, na kukimbia kwake kunaonyesha kwamba amelisoma.

Mfano mgumu zaidi uko soko la Daraja Mbili, kwenye mitumba. Mchuuzi hununua robota likiwa limefungwa, bila kujua kilichomo ndani. Akikuta noti za yuro mfukoni mwa koti, azipeleke wapi? Koti limepita mikono mingi kutoka Ulaya hadi Mombasa hadi Kisii, na aliyelivaa huenda hakumbuki tena. Marabi wa Talmudi wangeuliza kama mwenyewe ameshakata tamaa, kwani akikata tamaa mara nyingi kitu huwa cha aliyekiokota. Kwa mizani hiyo mchuuzi angeweza kuzitia kibindoni na alale vizuri. Hata hivyo marabi haohao walisimulia habari za Shimon ben Shetach, ambaye wanafunzi wake walimnunulia punda, kisha wakakuta kito kimening'inia shingoni mwake. Wakafurahi: mwalimu hatasumbuka tena kutafuta riziki. Shimon aliuliza kama aliyewauzia alikijua kito hicho. Hakukijua. Basi akakirudisha. Wale wanafunzi wangeelewana vizuri na mama wa Ikonge.

Kisha kuna wenyewe ambao hawajakata tamaa. Mnamo Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, akihimizwa na nabii Moraa Ng'iti, alimchoma mkuki mtawala Mwingereza Geoffry Northcote. Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Gusii ililipa kwa nyumba kuchomwa na maelfu ya ng'ombe kuswagwa. Simulizi za Gusii zinasema Otenyo aliuawa na kichwa chake kikapelekwa Uingereza, na watu wa ukoo wake wamekuwa wakikidai. Mradi ulioonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Nairobi mwaka 2021 uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za nje, vingi vikiwa vyombo vya kawaida vya nyumbani. Hapa kazi imegeuzwa. Torati na fikihi zilimtwika mwokotaji mzigo wa kutangaza, ilhali katika orodha hii ni waliopoteza ndio waliolazimika kuandika barua na kuuliza kabati moja baada ya jingine nini kimo ndani.