Mafuta ya Nguruwe Katika Tangi la Penisilini

Machi 1944 kampuni ya Pfizer ilianza kuzalisha penisilini mjini Brooklyn, Marekani, katika jengo lililokuwa kiwanda cha barafu. Yalifungwa matangi 14, kila moja la lita 28,000 hivi. Kuvu inayotoa penisilini ilikuzwa ndani ya kimiminika, hewa ikipulizwa kutoka chini. Uzalishaji wa namna hii una adui wake: povu. Protini hutanda juu ya viputo na kuvizuia visiungane, povu likapanda hadi kufurika.

Dawa ya povu iliyotumika sana enzi hizo? Mafuta ya nguruwe.

Muislamu anayechomwa sindano ana haki ya kuuliza kama dawa hiyo ni twahara. Mafakihi wana mlango wa zamani uitwao istihala: najisi kugeuka dhati yake ikawa kitu kingine. Mfano wao maarufu ni punda aliyetumbukia kwenye mgodi wa chumvi, akawa chumvi. Kwa Mahanafi wengi, chumvi hiyo ni twahara. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, ni wagumu zaidi: mvinyo ukigeuka siki wenyewe, sawa; nguruwe, hapana.

Ila mafuta ya tangini hayafanani na yule punda. Sehemu yake huliwa na kuvu, ikawa mwili wa kuvu na hewa ya kaboni. Hiyo imegeuka kweli. Lakini tone linalozima povu hujipenyeza kwenye utandu wa kiputo, utandu ukapasuka, nalo likabaki mafuta yaleyale. Penisilini hutengwa nayo baadaye kwa vimumunyisho, kisha hugandishwa kuwa fuwele. Kwa tone hilo, basi, hoja ya istihala haishiki. Linalobaki ni swali la utakaso.

Injinia naye huyabania mafuta hayo, kwa sababu zake. Lita ya maji yenye nyuzi 25 hubeba miligramu 8 hivi tu za oksijeni kutoka hewani, na kuvu nzito huweza kuzimaliza chini ya dakika moja. Mafuta yakizidi, viputo vidogo huungana, hupaa upesi, na eneo la kupitishia oksijeni hupungua. Kuvu hukosa pumzi.

Mashafii wana mlango mwingine: dawa iliyochanganyika na najisi huruhusiwa pasipo na mbadala wa twahara. Leo kuna vizuia povu vya silikoni na vya poliglikoli. Kiwanda kinachong'ang'ania mafuta ya nguruwe hakiwezi tena kuegemea mlango huo.