Mzigo wa "Huenda"

Kwetu Mtongwe baridi ni ya mwezi wa Julai, na shuka moja huimaliza. Ndiyo maana safari ya Kilimanjaro niliipakia kwa hofu: koti la mvua la kule msituni, sweta mbili, jaketi zito la mtumba kutoka Kongowea la kuvaa kileleni, mita 5,895, ambako maji huganda chupani. Kisha nikaongeza vya "huenda": viatu vya pili, sweta ya tatu, kitabu.

Mama akalinyanyua begi, akalitua. "Haya yote utabeba weye?"

"La, mama. Kuna mpagazi."

"Na yake yeye, nani atambebea?"

Nikanyamaza. Sheria ya mlima humwekea mpagazi kikomo cha kilo 20, lakini kikomo si amri ya kukijaza. Utasema si analipwa, na bila mizigo hana kazi. Kweli. Ila ninacholipia ni kubebewa ninachohitaji. Wasiwasi wangu si haja, na mgongo ni wake.

Viatu na kitabu nimevitoa. Sweta ya tatu bado siwezi kuiacha. Hiyo nitaibeba mwenyewe.