Nuru Mkononi mwa Mzee

Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, ambako Uislamu umekita mizizi tangu zama za mfanyabiashara Tippu Tip katika karne ya 19, na ambako kaya nyingi hazina umeme, mzee aamkaye kabla ya alfajiri kutafuta maji ya udhu hutegemea kurunzi. Nayo kurunzi ya siku hizi, yenye kitufe kimoja kibonyezwacho mara moja kwa nuru kali, mara ya pili kwa hafifu, mara ya tatu kwa kumetameta, humwacha akipapasa gizani, kisha wajukuu husema babu amesahau. Je, ila ni ya mzee au ya fundi?

Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi ya mwanga upokelewao na jicho la miaka 20, na vidole vyenye baridi yabisi hupata taabu kubonyeza kitufe kidogo. Hayo ni maumbile, si kosa. Naamini kwa dhati kwamba wasia wa Sura ya Al-Israa, wa kuwafanyia ihsani wazazi wafikiapo ukongwe, wamlazimu fundi pia: swichi pana ya kusukuma, yenye kuwasha na kuzima tu, mpini mnene usioteleza, na kifuniko cha betri kifunguliwacho bila bisibisi.