Amana Ndani ya Chuma

Katika Kiswahili, kitu cha kutegemewa huitwa cha kuaminika, na neno hilo lina ndugu zake: imani, amana, amani, uaminifu. Yote ni ya shina moja la Kiarabu, na yote kwa asili yanahusu watu. Mtu humwamini mtu. Mtu huweka amana kwa mtu. Basi inaposemwa kwamba injini fulani ni ya kuaminika, sifa hiyo ni ya chuma chenyewe, au ni ya yule aliyekifunga kisha akaondoka? Suali hili laweza kuonekana kuwa ni mchezo wa maneno. Lakini wapo watu wanaolijibu kila siku kwa mikono yao bila ya kulitamka, nao ni mafundi wa Marekani wanaojenga injini kubwa za pikipiki zinazopozwa kwa upepo, si kwa ajili ya mashindano, bali kwa ajili ya barabara ya kawaida.

Injini iliyo mashuhuri kuliko zote katika kazi hiyo ni ile ya silinda mbili zilizoachana kwa pembe ya digrii 45, ya Harley-Davidson wa mji wa Milwaukee. Tangu mwaka 1936 umbo lake la jumla halikubadilika sana: silinda moja mbele, nyingine nyuma yake, na mapezi yaliyozizunguka ili upepo wa safari uchukue joto. Katika miaka ya 1980 silinda za chuma cha kusubu ziliachwa, zikaja za alumini zenye bomba la chuma ndani. Kisha, katika matoleo ya 1999, ikaja injini ya inchi za ujazo 88, yaani sentimita za ujazo 1,450 hivi, na hiyo ndiyo iliyowapa mafundi uwanja wa kuchezea. Silinda zikitanuliwa kidogo hufika inchi 95; krenki ikibadilishwa hufika 103; na kwa vipuri vya viwanda vingine, kama vile S&S Cycle kilichoanzishwa mwaka 1958, hufika 124, ambazo ni zaidi ya lita mbili. Lita mbili katika silinda mbili! Ziko gari nyingi za familia zinazobeba watu watano kwa ujazo mdogo kuliko huo, tena zina silinda nne na maji ya kupozea.

Kwa nini mtu aitake injini hiyo? Jibu la haraka ni kiburi, nalo si la uongo. Hata hivyo, si jibu kamili. Injini kubwa ya mwendo mrefu wa pistoni ina raha yake ya kweli: humtii mpandaji ingali katika mizunguko ya chini, hupanda mlima na watu wawili na mizigo yao bila ya kupiga kelele, na huenda siku nzima kwa pumzi ya polepole. Anayeitaka kwa sababu hizo hastahiki kuchekwa.

Tatizo lake lilikwisha kuonwa zamani, kabla ya kuwepo injini yoyote. Mwaka 1638 Galileo alichapisha huko Leiden kitabu chake cha mwisho, na humo akaonesha kwamba mnyama hawezi kukuzwa hivi hivi akabaki na umbo lake. Vipimo vyote vikiongezwa mara mbili, eneo la mfupa uliokatwa huwa mara nne, ilhali uzito wa kiwiliwili huwa mara nane. Jitu lenye umbo la kibinadamu lingeelemewa na uzito wake lenyewe. Silinda nayo ni vivyo hivyo. Joto huzaliwa katika ujazo lakini hutoka kupitia uso, na fundi anayetanua silinda ndani ya fremu ile ile hana pahala pa kuongezea mapezi. Hupata moto mkubwa zaidi na mlango ule ule wa kuutolea.

Tena upepo ni mtumishi dhaifu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Silinda ya nyuma haipati hata hewa safi, kwani hupepewa na hewa iliyokwisha kupashwa moto na ile ya mbele. Na pikipiki ikisimama kwenye foleni mchana wa kiangazi, upepo wenyewe haupo, ilhali moto upo. Kiwanda chenyewe kimewahi kuweka mfumo wa kuzima mwako wa silinda ya nyuma pikipiki isimamapo, na mwaka 2013 kikatoa pikipiki za safari ndefu zenye maji yanayozunguka katika vichwa vya silinda. Nao Porsche, waliojivunia upepo kwa miongo mizima, waliunda 911 yao ya mwisho ya kupozwa kwa hewa mwaka 1998. Kwa hiyo anayejenga injini ya inchi 124 kwa mapezi matupu anafanya kazi pembeni kabisa mwa kinachowezekana, na jambo la kwanza linalotakiwa kwake ni kulijua hilo.

Hapo ndipo tamaa inapopimwa kwa tarakimu. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukigandamizwa mara 11 badala ya mara 9 hutoa nguvu zaidi. Lakini katika chumba kilichokwisha kuwa cha moto, petroli ya kawaida huweza kuripuka nje ya zamu yake, kwa mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, na mripuko huo ukiendelea hula pistoni hadi kuitoboa. Uwanjani fundi hununua petroli maalumu. Barabarani, mwenye pikipiki atajaza popote mafuta yatakapomwishia. Mwendo wa pistoni nao una hesabu yake. Kwa mizunguko 5,500 kwa dakika, pistoni ya injini ya 88 huenda kwa wastani wa mita 18.6 kwa sekunde. Ya 124 huenda mita 21.5, na kila sekunde hiyo husimama na kugeuka zaidi ya mara 180. Kila kipande kinachoishikilia hulipa gharama ya kusimama huko.

Fundi mzuri hujulikana, basi, kwa anavyoacha nafasi. Ringi ya pistoni haifungi duara kamili. Ncha zake mbili huachiwa mwanya ambao, kwa silinda ya kipenyo cha milimita 100 hivi, unakaribia nusu milimita. Ringi ikipata joto hurefuka, na mwanya hupungua. Ukiwa mdogo mno, ncha hugusana, ringi haina pa kwenda, hujikaza katika ukuta wa silinda, na injini hukwama. Ukiwa mkubwa mno, gesi hupenya chini na kuchafua oili. Pistoni ya alumini nayo hutanuka takriban mara mbili ya chuma kinachoizunguka, kwa hiyo lazima iwe imelegea kidogo ikiwa baridi ili iwe sawa ikiwa moto. Injini inayobana vizuri asubuhi mezani huenda ndiyo itakayomuua mtu mchana. Fundi hafungi kile anachokiona. Hukifungia kile kitakachokuwa.

Kazi hiyo yote hufichwa. Nyumba njema si mlango, na injini njema si mng'aro wa kromu. Silinda hubadilika umbo kidogo mno kichwa kinapokazwa juu yake. Kwa hiyo fundi mwangalifu huifunga bamba nene la chuma, akalikaza kwa nguvu ile ile ya kichwa, ndipo akainoa, ili duara liwe duara siku ya kazi. Krenki ya injini hizi imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja, na nguvu iliyozidi huweza kuvipotoa. Kwa hiyo huinyoosha kwa vipimo vya sehemu za elfu za inchi, kisha akachomelea pini zake. Katika injini za 88 za mwanzo, minyororo ya kamshafti ilikazwa na viatu vya plastiki vilivyosukumwa na springi, na viatu hivyo vilipolika, chembe zake ziliingia katika pampu ya oili. Kufikia matoleo ya 2007 kiwanda kilikwisha kubadili, vikawekwa vya kusukumwa na shinikizo la oili. Anayeongeza nguvu juu ya viatu vya zamani bila ya kufungua kifuniko kuvitazama ameokoa saa chache ambazo hakuna atakayemuuliza.

Na hilo ndilo suali la maadili lenyewe: mtu anadaiwa nini pale ambapo hataulizwa? Matthew Crawford, mwanafalsafa wa Kimarekani aliyefungua gereji ya pikipiki, aliandika katika kitabu chake cha 2009 juu ya fundi anayevutwa na udadisi wake huku akitakiwa kukumbuka kwamba saa anazozitumia zinalipwa na mwingine. Hatari aliyoiona ni ya fundi kufanya zaidi ya haki. Katika injini kubwa hatari hiyo ipo, lakini iko nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni ya kumpa mteja hasa alichokiomba.

Mteja ni mtu mzima, husemwa, na pikipiki ni yake. Akitaka mgandamizo wa mara 11 na kamshafti ya mashindano, hiari ni yake. Hoja hii ina nguvu kwa anayepanda peke yake akijua, na mjenzi wa injini za kushindana kwa mbio fupi hana deni lolote: injini yake hufunguliwa baada ya mbio chache, na kila mtu uwanjani anafahamu hivyo. Ahadi yake ni sekunde chache, naye huitimiza. Aristotle alikwisha kusema kwamba chakula kinachomtosha Milo mpigana mieleka kitamzidi anayeanza mazoezi, na kiasi cha uwanjani si kiasi cha barabarani. Lakini barabarani kuna mke au rafiki aliyekaa nyuma, ambaye hakushauriwa. Injini ikikwama katika mwendo wa kasi, gurudumu la nyuma huweza kufunga kabla ya mkono kufika kwenye klachi. Na baada ya miaka mitatu yuko mnunuzi wa pili, atakayeambiwa tu kwamba injini imeongezwa, asijue nini kiliachwa nje ya hesabu. Hao wawili hawakutia saini yoyote. Idhini ya mteja haiwafikii.

Haifuati kwamba fundi akatae kila kitu. Woga nao ni aibu ya ufundi: yuko anayejificha nyuma ya neno usalama kwa sababu hajui kupima, na mteja wake huondoka akaangukia kwa asiyejua zaidi. Lililo la haki ni kusema bei yote, na bei si fedha pekee. Kwamba inchi 95 au 103 zenye mgandamizo wa wastani zitampa sehemu kubwa ya raha anayoitafuta na bado zikabaki na akiba ya joto. Kwamba 124 inawezekana, lakini itataka kipoza oili, petroli bora, mkono mpole injini ikiwa baridi, na kufunguliwa mapema zaidi. Mteja akiisikia bei hiyo akaikubali, fundi aifunge injini kana kwamba atakayeketi nyuma ni mwanawe.

Wako wanaokwenda mbele zaidi. Humkabidhi mwenye injini karatasi iliyoandikwa kwa mkono: mwanya wa kila ringi, ulegevu wa kila pistoni, mpotoko wa krenki, mgandamizo, aina ya kamshafti, tarehe. Hutaka karatasi hiyo ikae pamoja na hati za pikipiki na iuzwe nayo, ili fundi mwingine, katika mji mwingine, atakapofungua injini baada ya kilomita 50,000, aweze kupima tena na kujua kilichobadilika.