Kazi Bila Kungoja Tunda

Ukitoka Nyeri, kabla hujaingia Nanyuki mjini, barabara inavuka ikweta. Hapo penye kibao hapakosi vijana wenye beseni lililotobolewa, jagi la maji na njiti ya kiberiti. Hatua chache kaskazini maji yanazunguka upande huu, hatua chache kusini yanazunguka upande ule, na juu ya mstari wenyewe yanateremka bila kuzunguka. Wageni hupiga makofi, wengine wakanunua cheti. Wanafizikia hawapigi makofi: mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyaamrisha maji ya beseni. Yanafuata namna yalivyomiminwa.

Amani ya moyo nayo tunaitafuta hivyo hivyo, kana kwamba kuna mahali ambapo mtu akikanyaga tu, roho inatulia. Nanyuki imejaa wanaoiuza: vyumba vinavyotazama Mlima Kenya, ukimya wa msitu, yoga alfajiri. Sina ugomvi na yoga. Ila Bhagavad Gita, kitabu ambacho Wahindu wengi hukigeukia wakati wa dhiki, hakikuanzia mahali penye ukimya. Beti zake 700 zinasemwa katikati ya uwanja wa vita wa Kurukshetra, majeshi mawili yamekwisha kupangana. Arjuna, mpiga mishale hodari, anawaona upande wa pili babu yake, mwalimu wake na binamu zake. Mwili unamtetemeka, upinde unamponyoka, anaketi na kusema hapigani. Anayemjibu ni Krishna, mwendesha gari lake la farasi. Wala hamtumi msituni akatafakari. Anamwambia ainuke, afanye lililo wajibu wake kwa ukamilifu, lakini asiifunge roho yake kwenye tunda la kazi hiyo. Gandhi, aliyekitafsiri kitabu hicho kwa Kigujarati na kukitoa mwaka 1930, aliipa tafsiri yake jina lenye maana hiyo hasa: njia ya kutong'ang'ania.

Mwambie hayo mkulima wa viazi wa Timau, au mfugaji wa kaskazini mwa Laikipia aliyeiona misimu mitano ya mvua ikikataa mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Atakuuliza, na ana haki, kama shule inapokea karo ya jasho lisilozaa. Tunda ndilo linalolisha watoto. Lakini nadhani Gita haikatai mtu kulenga. Arjuna hakuambiwa arushe mishale popote, na mkulima asiyetaka mavuno hachagui mbegu. Kinachokataliwa ni kulifanya tunda kuwa hakimu wa utu wako, kiasi kwamba mvua ikinyima, nawe unajiona umenyimwa uhai. Kutaka ni jambo moja. Kujiweka rehani ni jingine. Mwenye kujiweka rehani hana amani hata msimu ukiwa mzuri, maana hofu ya msimu ujao tayari imeingia ghalani.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika jamii ya walioitwa wasioguswa, na aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba ya India. Yeye aliiona Gita kuwa imeupa mfumo wa matabaka utetezi wa kifalsafa. Fanya wajibu wako, sawa, lakini nani aliyeugawa? Hapa chini ya mlima swali hilo halihitaji maelezo marefu. Nanyuki ilikuwa mji wa walowezi; Mwafrika aligawiwa wajibu wake na mwingine, akaning'inizwa kipande shingoni. Kumhubiria mtu wa namna hiyo utulivu ni kumsaidia mnyapara.

Ndiyo sababu namkumbuka Makhan Singh, ingawa hakuwa Mhindu. Alikuwa Kalasinga, na ukomunisti wake hakuuficha. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru wa Afrika Mashariki, wakati wengi hawajathubutu kulisema hilo hadharani. Mwezi uliofuata akakamatwa. Kesi yake ikasikilizwa Nyeri. Akazuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol, huko kaskazini mwa Nanyuki, bila kuachiliwa hadi Oktoba 1961. Wajibu wake hakugawiwa na mtu. Aliuchagua, na ulimgharimu zaidi ya miaka kumi na moja. Kenya huru haikumpa cheo. Akaketi akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi, ikatoka mwaka 1969, naye akafariki 1973. Sidai kwamba nayajua yaliyokuwa moyoni mwake usiku wa Dol Dol. Ninachokiona ni mtu aliyenyimwa tunda mara mbili, na mkoloni kisha na wenzake, na kazi hakuiacha.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka. Arjuna mwenyewe ndiye aliyeomba afundishwe. Hekima hii mtu anaweza kujiambia, au kumjibu anayeuliza. Haina heshima ikipelekwa kwa mwenye msiba na mtu aliyeshiba. Mwaka 2012 mama kijana aliuawa hapa Nanyuki, mwili wake ukapatikana katika tangi la maji taka la hoteli. Uchunguzi wa mahakama ulihitimishwa mwaka 2019, ukisema aliuawa na wanajeshi wa Uingereza. Septemba 2025 ndipo Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotoa hati ya kumkamata mwanajeshi mmoja wa zamani. Ndugu zake wameidai haki miaka yote hiyo pasipo kujua kama itapatikana. Hao hawahitaji mahubiri yetu kuhusu tunda. Wanachostahili kwetu ni kelele zetu, mpaka kesi isikilizwe na hukumu itolewe.